Abiria watu wazima, tusemeeni mlangoni mwa daladala

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie watu ninaokutana nao kila asubuhi bila kupata wasaa wa kuzungumza nao, yaani abiria watu wazima wa daladala zinazotoka Gongo la Mboto kuelekea mjini. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Familia yetu ilihamia Ukonga miaka miwili iliyopita kwa sababu ya kodi ya nyumba, nami nikabaki katika shule yangu ileile iliyoko upande wa Kariakoo. Kwa hiyo siku zangu tano za masomo huanzia kituo cha Mombasa, hapahapa Ukonga, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kama siku itakuwa njema au mbaya, mara nyingi huamuliwa pale mlangoni mwa gari kabla jua halijachomoza.

Gari likifika, konda hushuka na kuweka mkono mlangoni, akawaita watu wazima waingie, na sisi wenye sare akatuambia, "Denti subirini, wawili tu." Wakishaingia hao wawili, gari linaondoka. Jumatatu iliyopita yalinipita magari manne kwa namna hiyo, na nilipofika shuleni mstari ulikuwa umekwisha. Adhabu ya wachelewaji ilikuwa kudeki vyoo, na kipindi cha Hisabati kikanipita nikiwa na ndoo mkononi. Mwalimu wa zamu alinisikiliza nilipojieleza, kisha akasema kwamba kila anayechelewa husingizia daladala. Tulikuwa kumi na mmoja pale, na wote tulikuwa tumeachwa vituoni kweli.

Wapo wanaosema makonda ni watu wenye roho mbaya, lakini mimi sikubaliani nao. Katika nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, mtu mzima alipangiwa shilingi 600 kwa njia isiyozidi kilomita 10, na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ikaiacha nauli ya mwanafunzi ibaki 200. Maana yake ni kwamba wanafunzi watatu ndio wanaotimiza nauli ya mtu mzima mmoja, na kwa njia ndefu kama yetu pengo hilo linakuwa kubwa zaidi. Konda na dereva wanatakiwa kupeleka hesabu, yaani kiasi cha fedha walichopangiwa, kwa tajiri mwenye gari kila jioni, hesabu hiyo haipungui eti kwa sababu asubuhi walibeba wanafunzi, na wao hula kile kinachobaki baada ya hesabu na mafuta. Unafuu huu tuliopewa, ambao bila huo wengi wetu tusingeweza kusoma mbali na nyumbani, unatoka mfukoni mwa kijana anayening'inia mlangoni. Ningefurahi sana kama wenye magari na wenye mamlaka wangekaa wakalitazama jambo hili kwa pamoja. Lakini vikao vya wakubwa huchukua muda, na sisi kesho alfajiri tutakuwa kituoni.

Kuna na suala la kugeuza na gari. Mtu mzima akiona kituo kimejaa, hupanda gari linalorudi Gongo la Mboto, akalipa nauli ya ziada, na gari likigeuza yeye tayari ameketi dirishani. Simlaumu, kwa kuwa naye anawahi kazini. Ila likifika kwetu Mombasa linakuwa limeshajaa, na mwanafunzi aliyepewa shilingi 400 za kwenda na kurudi hana namna ya kufanya hivyo.

Jioni hali ni ileile, tena kwa wasichana ni mbaya zaidi. Anayesimama kituoni tangu saa kumi mpaka giza linaingia hatakosa dereva wa bodaboda wa kumwambia apande atampeleka bure, na kila mzazi anayesoma barua hii anajua bure hiyo huishia wapi.

Kilichonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni Jumatano. Gari lilisimama, wawili wakaingia, na konda alikuwa anagonga bodi ili dereva aondoke. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango, mwenye beseni tupu mapajani, nadhani alikuwa anakwenda Feri kununua samaki, akasema bila kupandisha sauti, "Mwanangu, waache hao watoto waingie. Wa kwako akiachwa hapa utafurahi?" Baba mmoja wa viti vya nyuma akaitikia, "Pakia wanafunzi twende!" Konda hakubishana. Alisogea pembeni, tukaingia watano. Mama yule akalivuta begi langu begani, akaliweka ndani ya beseni lake, akaniambia nishike bomba vizuri. Nilisimama hivyo mpaka mjini, na tulipopita juu ya Daraja la Mfugale pale TAZARA jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, jambo ambalo Jumatatu nisingeliona, kwa kuwa saa hizo nilikuwa bado nimesimama Mombasa.

Siku hiyo nilifika mapema mno, hata darasa lilikuwa halijafunguliwa. Nilikula muhogo wa kukaanga wenye pilipili kwa mama anayeuza nje ya geti, bado wa moto, halafu mimi na mwenzangu tukafanya maswali ya Kemia ubaoni kabla ya mtu yeyote kuja kufuta. Moja lililokuwa limenishinda tangu wiki iliyotangulia lilikubali. Madaftari yangu yalinuka samaki kutwa nzima, nami sikuona kero yoyote.

Ninachowaomba, wazazi wangu, ni sentensi moja tu kama ile ya Jumatano. Hatuombi kiti, kwa sababu kusimama tumezoea, wala hatuombi mgombane na konda, ambaye naye ana shida zake. Askari na maofisa hawawezi kuwa katika kila kituo saa kumi na moja na nusu, lakini ninyi mmo ndani ya kila gari, na nimeona kwa macho yangu kwamba konda anawasikiliza. Mtu mzima akinyamaza, konda huchukulia kwamba abiria wote wamekubali sisi tuachwe. Na kama mna nafasi ya kusogea hatua moja nyuma ili mlango upumue, wengine wawili wataingia.

Yule mama sikuwahi kumshukuru. Nilishuka kwa haraka gari likiwa halijasimama sawasawa, begi langu likapitishwa dirishani mkono kwa mkono hadi likanifikia, na nilipoinua kichwa gari lilikuwa limeshaondoka. Ikiwa anasoma gazeti hili, au ana mtu wa kumsomea, naomba aambiwe kwamba mwanafunzi wa begi la bluu anasema shikamoo na asante sana.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Ukonga, Dar es Salaam.