Risala ya Chama cha Tarakilishi kwa Mgeni wa Heshima, Kisumu

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu katika maabara yetu. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako uje utusikilize.

Mbele yako kuna michezo mitatu: bao, drafti na karata. Yote huchezwa kati ya tarakilishi na tarakilishi, na yote imesimama juu ya msingi mmoja wa programu. Msingi huo ndio tunaotaka kukueleza.

Katika mchezo wa mtandaoni, sheria za mchezo ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kupokea wachezaji, kuwapanga vyumbani, kulinda zamu na kumshughulikia aliyepotea mtandaoni. Kazi hiyo haibadiliki, iwe ni bao au karata, kwa hivyo huandikwa mara moja. Mchezo wenyewe unadaiwa mambo matano tu: unaanzaje, hatua hii ni halali au la, inabadilisha nini, kila mchezaji aone nini, na umekwisha au bado. Bao, ndugu wa ajua ya huku ziwani, lina mashimo 32 na kete 64, na hali yake yote huandikika kwa safu fupi ya namba.

Seva, yaani tarakilishi ya kati inayoendesha mchezo, ndiyo mwamuzi. Mchezaji hatumi "sasa nina kete 12". Hutuma "shimo la 5, kulia". Seva hukagua, husambaza kete yenyewe, kisha huwatangazia wote. Ukiamini hesabu ya mchezaji, atakayeichezea programu yake atashinda kila siku. Karata zina hatari zaidi: kila mmoja akitumiwa karata zote na skrini ikaachiwa kazi ya kuzificha, mjanja atazisoma ndani ya tarakilishi yake. Basi kila mtu hutumiwa zake tu.

Hitilafu inayowasumbua sana wanaoanza hutokana na TCP, utaratibu wa kupitisha data mtandaoni. Hiyo hufikisha baiti (vipande vidogo vya data) kwa mpangilio, lakini haijui ujumbe unaanzia wapi wala kuishia wapi. Ni kama maji ya mfereji. Jumbe mbili zaweza kufika zimeshikana, au mmoja ukafika nusu. Ukijaribu kwenye tarakilishi moja huenda usilione tatizo hili kamwe. Hujitokeza siku wachezaji wanapojaa. Dawa yake ni kutanguliza baiti 2 zinazotaja urefu wa ujumbe, ambao waweza kufika baiti 65,535. Mpokeaji husoma hizo 2, kisha husubiri idadi itimie.

Mtandao ukikatika mara tu baada ya hatua kutumwa, programu haijui kama ilifika, hivyo huituma tena. Bila namba, hatua moja huhesabiwa mara mbili. Kila hatua yetu ina namba yake, na seva ikiiona iliyokwisha kuitekeleza hurudisha jibu lile lile. Kiti cha aliyekatika hushikiliwa sekunde 60, na anayerudi hutambuliwa kwa alama ya siri aliyopewa alipoingia. Jina halitoshi, maana yeyote aweza kuandika jina la mwenzake.

Seva yetu ina anwani isiyobadilika, 192.168.1.10, mlango 7000 (namba inayoitambulisha programu ya mchezo, si tundu la waya). Ikiwekwa isikilize 127.0.0.1 (anwani ya tarakilishi kujisemesha yenyewe) badala ya 0.0.0.0 (yaani anwani zake zote), hujisikia yenyewe tu: aliyeketi kwenye seva hucheza vizuri na wengine wote hukataliwa. Wengi hapo huanza kulaumu waya.

Msingi huu haufai kwa mbio za magari. Huko habari hutumwa hata mara 20 kwa sekunde, na katika TCP pakiti (kifurushi cha data) moja ikipotea, zinazoifuata hungoja. Mchezo wa aina hiyo unahitaji UDP, utaratibu usiongojea pakiti iliyopotea.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Umeme hukatika mvua inaponyesha, nasi tunaomba betri ya akiba ya seva peke yake. Kila hatua huhifadhiwa kwenye diski, lakini umeme ukienda katikati ya kuandika, faili huweza kuharibika. Pili, swichi yetu (kifaa cha kuunganishia waya za mtandao) ya milango 8 huacha nafasi 7 baada ya seva kuchukua mmoja. Ya milango 24 itatosha darasa kucheza kwa zamu mbili.

Sasa tunakuomba uketi kwenye tarakilishi ya tatu. Chumba cha bao kimefunguliwa, Mwalimu Mkuu yuko kwenye ya nne, na zamu ya kwanza ni yako.

Ahsante.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Tarakilishi.