Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Dawa ya Kuyeyusha Itangulie Sindano

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kwa mara ya nne. Barua yangu ya kwanza niliifikisha ofisini kwako kwa mkono wangu miezi 14 iliyopita, ikagongwa muhuri, na wiki tatu baadaye nikapokea jibu la ukurasa mmoja likinieleza kwamba kanuni za kusimamia sindano za urembo zilikuwa katika hatua za mwisho na zingetangazwa ndani ya miezi 6. Jibu hilo ninalo. Barua mbili za kukumbushia zilizofuata hazikujibiwa, nami nikajiambia kwamba Serikali ina mambo mengi, ningoje. Nimengoja hadi Jumapili iliyopita asubuhi, binti wa dada yangu aliponigongea mlango akiwa amejifunika mtandio hadi puani, na alipoufunua nikaona usoni mwake alama zile zile nilizoziona kwenye kioo changu mwenyewe miaka miwili na nusu iliyopita.

Binti huyu ana umri wa miaka 20. Jumamosi saa kumi jioni, katika saluni ya kucha na kope, alidungwa jeli ya kujaza midomo pamoja na mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Maumivu makali yalianza sindano ingali ndani, na ngozi ya juu ya mdomo upande wa kushoto ikapauka ghafla. Aliyemdunga alimwambia kwamba hiyo ni kazi ya ganzi, akampa barafu ya kujikanda, akamtaka aende nyumbani akapumzike. Usiku ule weupe uligeuka kuwa madoa ya zambarau yaliyojipanga mfano wa wavu, yakapanda hadi ubavuni mwa pua. Alipompigia simu mdungaji, alijibiwa kwamba kila mwili una namna yake ya kuvimba.

Mheshimiwa, huo haukuwa uvimbe tu. Mtu aliyedungwa jeli ya aina hii huweza kuvimba, kuvilia damu na kuumwa kidogo, na mambo hayo kwa kawaida huisha ndani ya siku chache au wiki mbili. Lakini ngozi inayopauka au kufanya madoa ya wavu, inayouma kupita kiasi, au ambayo ukiibonyeza kwa kidole inachelewa kurudisha rangi yake, ni ngozi isiyofikiwa na damu. Maana yake ni kwamba jeli imeingia ndani ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kwenye ngozi, au imeibana kutoka nje, na sehemu iliyokuwa ikilishwa na ateri hiyo iko hatarini kufa. Barafu aliyopewa ilikuwa kinyume kabisa cha kilichohitajika, kwa kuwa baridi huisinyaza mishipa. Kilichohitajika ni kusimamisha sindano palepale, kuipasha ngozi joto, kuikanda, na juu ya yote kuidunga dawa ya kuyeyusha jeli bila kungoja kesho.

Dawa hiyo ipo. Sehemu kubwa ya jeli zinazotumika siku hizi zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, ambayo mwili wenyewe unayo katika ngozi na maungio, na kuna kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi kinachoivunja asidi hiyo. Daktari anayeijua kazi yake, akiona dalili za mshipa kuziba, huidunga kwa dozi kubwa, hungoja, huipima rangi ya ngozi, kisha hurudia tena na tena hadi damu irejee. Ni chupa ndogo inayoenea kiganjani. Narudia kuieleza kwa sababu Jumapili hiyo tuliitafuta katika vituo vitatu vya tiba na hatukuipata katika hata kimoja. Kituo cha kwanza tulipewa dawa ya mzio na ya maumivu. Cha pili daktari alilitambua tatizo mara alipotazama, akasema waziwazi kwamba hana dawa yake, na hadi leo namshukuru kwa kutonipotezea muda. Cha tatu muuguzi alimtazama mtoto wetu akamwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alimwambia hivyo huku binti akitetemeka kwa maumivu na ngozi yake ikiendelea kufa mbele ya macho yetu.

Tuliipata Jumatatu saa nane mchana, kwa daktari wa ngozi, saa 46 baada ya sindano. Sehemu kubwa ya mdomo imerudi katika rangi yake. Ubavu wa pua ulikuwa umekwisha kuwa mweusi, na tumeambiwa kwamba kovu litabaki.

Mimi kovu lilinibakia puani. Niliyaeleza haya katika barua ya kwanza, lakini kwa kuwa jibu lake halikuyagusa, niruhusu niyaeleze tena. Nilikuwa na miaka 41, nilitaka kupunguza mikunjo ya kando ya mdomo tu, na nilimwendea mtu aliyevaa koti jeupe katika chumba kisafi chenye vyeti ukutani. Hakuniuliza kama nina mimba, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ngozi yangu ina tabia ya kuota makovu makubwa, wala kama huwa napata vipele vya malengelenge mdomoni, ambavyo sindano huweza kuviamsha upya. Hakunionyesha boksi la jeli likifunguliwa. Nilipofika hospitali siku ya tatu, ngozi ikiwa imevunda, swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Ulidungwa kitu gani?" Sikuweza kulijibu siku ile na siwezi kulijibu hadi leo. Mdungaji alizima simu. Kwa hiyo nilitibiwa kwa kubahatisha: nikasafishwa kidonda kila siku kwa majuma tisa, nikapasuliwa mara mbili ili ngozi ya shavu izibe tundu lililobaki puani, na kazini nikaondolewa kwenye dawati la kupokea wageni nikapelekwa stoo, nikiambiwa kwamba ni kwa ajili ya faraja yangu. Sijapiga picha na watoto wangu tangu wakati huo. Mwanangu mkubwa alihitimu masomo nami nikiwa nimesimama nyuma ya watu.

Swali lile la daktari lina uzito kuliko linavyosikika. Jeli hizi si za aina moja. Zile za asidi ya hayaluroniki hudumu miezi kadhaa hadi mwaka mmoja au zaidi, na zinaweza kuyeyushwa. Nyingine hutengenezwa kwa chembechembe za madini ya kalsiamu au kwa asidi iitwayo poli-laktiki, na hizo hayaluronidesi haizigusi. Nyingine zina chembe za plastiki ambazo mwili hauzimalizi kamwe, hivyo likitokea kosa, hulitoi ila kwa kisu. Na silikoni ya maji, ambayo watu hudungwa usoni, kwenye makalio na kwenye matiti kwa ahadi ya matokeo ya kudumu, haijaidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kwa kazi hiyo, na imewahi kuua watu kwa kusafiri kwenye damu hadi mapafuni. Jambo hili si geni katika historia ya tiba. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari walidunga nta itokanayo na mafuta ghafi, yaani parafini, ili kusawazisha nyuso, na wagonjwa wakaachwa na mabonge yaliyowaharibu kabisa. Tunaendelea kuwaacha watu wadungwe wasichokijua wakati kila bomba halali la jeli huja na namba ya toleo lake, na mara nyingi na kibandiko ambacho kingeweza kubanduliwa na kubandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa kwa sekunde tano.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua nilipokuandikia mwanzo, na tangu nilijue silali vizuri. Ateri za uso zimeungana na ateri za jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu ndani ya mshipa wa pua, wa katikati ya nyusi au wa paji la uso, inaweza kurudi kinyumenyume hadi nyuma ya jicho na kukata damu ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na retina isiyopata damu huanza kufa pengine ndani ya saa moja au moja na nusu. Mtu hupofuka akiwa bado amekaa kwenye kiti. Hutokea kwa nadra, nalikubali hilo, lakini aliyepofuka kwa sababu hii mara chache sana huona tena, hata akipewa dawa. Ninapomtazama binti wa dada yangu na kidonda chake cha pua, ninahesabu ni kiasi gani kilibaki hadi kufika jichoni.

Wenzetu hawakungoja ukamilifu ndipo waanze. Uingereza, ripoti ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Bruce Keogh ilisema kwamba mtu anayefanyiwa huduma hizi za urembo zisizo za upasuaji hana ulinzi wala fidia zaidi ya mtu anayenunua kalamu au mswaki, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021 sheria ilikataza kuwadunga jeli hizi kwa ajili ya urembo watu walio chini ya miaka 18 katika England. Marekani imeziidhinisha kwa watu wazima wenye umri wa miaka 22 na kuendelea, na mwaka 2021 mamlaka yake ilitoa onyo dhidi ya zile kalamu za kusukuma jeli bila sindano ambazo watu hununua mtandaoni na kujifanyia wenyewe nyumbani. Binti yetu hajafikisha hata umri huo wa 22. Hapa kwetu hakuna aliyemuuliza umri wake.

Sijui ni nini kilizikwamisha kanuni ulizoziahidi, ila nina dhana zangu, na utanisahihisha nikikosea. Nadhani idara moja inasema jeli hii ni kipodozi na nyingine inasema ni kifaa tiba, na kila moja inaona kwamba mzigo ni wa mwenzake. Nadhani pia kuna walioamua moyoni kwamba anayetafuta uzuri amejitakia yaliyompata. Kama dhana hii ya pili ni ya kweli, Mheshimiwa, naomba uwaambie waliokuzunguka kwamba ateri iliyoziba haiulizi mtu alikwenda kutafuta nini, na kwamba mtu aliyeanguka kutoka kwenye mwembe akiiba maembe hupokelewa hospitali akafungwa mguu kabla ya kuhojiwa.

Katika barua ya kwanza nilikuletea mapendekezo saba. Niliomba daftari la wadungaji waliofuzu, ukaguzi wa saluni, umri wa chini, marufuku ya matangazo yanayoahidi matokeo bila madhara, karatasi ya namba ya toleo kwa kila mgonjwa, mafunzo kwa wauguzi wa mapokezi ya dharura, na dawa ya kuyeyusha. Yote bado nayaamini. Lakini nimechoka kungojea yote saba huku nikiwa sina hata moja, kwa hiyo leo nakuomba moja tu, la mwisho katika orodha ile.

Toa agizo kwamba hakuna mtu yeyote, awe daktari au asiwe, atakayechomeka sindano ya jeli ya asidi ya hayaluroniki katika uso wa mtu kama hayaluronidesi ambayo haijaisha muda wake haimo ndani ya chumba kile kile, au kama hayupo mtu anayejua kuitumia. Na ihifadhiwe katika hospitali zako za rufaa, mahali ambapo muuguzi wa zamu anapajua, hata usiku wa Jumapili. Agizo hilo halihitaji kungojea kanuni nzima. Asiyeweza kuinunua dawa hiyo, au asiyejua ni ya nini, atakuwa amejitambulisha mwenyewe kwamba hafai kuishika sindano, na nusu ya kazi ya ukaguzi itakuwa imefanyika. Dawa ndani ya chumba, Mheshimiwa. Ingekuwa ndani ya chumba Jumamosi saa kumi jioni, mikononi mwa mtu anayejua dalili, huenda nisingekuwa naandika barua hii.

Alhamisi tunarudi kliniki kukatwa ngozi iliyokufa. Binti ameniuliza, "Mama mdogo, pua yangu itakuwa kama yako?" na sijampa jibu. Saluni ile iko wazi. Nimepita mbele yake jana, na mlangoni pamebandikwa tangazo la nafasi za Jumamosi hii.

Nabaki, kwa heshima na kwa kungoja,

Mwandishi wa barua tatu zilizotangulia