Barua kwa wazazi, mwisho wa trimesta ya kwanza

Lubumbashi, mwezi wa Desemba

Wazazi wapendwa, Baba na Mama,

Nawasalimu, mimi Prefe, mkuu wa shule yenu. Mvua imeshika, maembe yamejaa sokoni, na watoto wanarudi nyumbani kwa mapumziko ya Noeli. Kabla hamjafungua buletini, karatasi ya alama za mtoto, nianze na furaha.

Timu yetu ya Génie en herbe, yale mashindano ya maswali kati ya shule, imeshinda. Mnakumbuka mwaka jana tulivyotolewa mapema, tukarudi ndani ya basi bila mtu kusema neno. Safari hii watoto wetu wanne walikaa nyuma ya meza mbele ya shule za Kampemba na Kenya, komine za mji wetu, na mpaka swali la mwisho pointi zilikuwa sawa. Likaulizwa: Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni, iliundwa mwaka gani? Nikamwona binti yetu wa mwaka wa tatu humanite, yaani sekondari, akifumba macho, midomo ikihesabu. "1906!" Ukumbi wote ukasimama. Baadaye aliniambia kwamba mwaka huo aliusikia kwa babu yake, mzee wa kiwandani, ambaye hadithi zake zote huanzia hapo. Mzee, shule inakushukuru. Mwalimu wa historia naye alibaki na watoto kila Jumatano hadi saa kumi bila kulipwa hata franka moja. Mkikutana naye njiani, mpeni mkono.

Picha ya siku hiyo mliiona. Kabla ya kuipiga tuliwauliza watoto wenyewe, kisha tukawapigia wazazi wao. Mtoto mmoja alisema hapendi. Akasimama pembeni yangu, picha ikapigwa ya watatu, na hakuna aliyemcheka.

Hisabati ya darasa la saba bado ni dhaifu. Paa la jengo la nyuma limezibwa.

Sasa niseme lililonikosesha usingizi.

Wengi wenu mmeiona ile video ya binti mmoja wa shule yetu. Mimi sitaieleza. Yaliyompata yule binti yanaweza kumpata binti yeyote aliyekomaa, akiwa darasani, kanisani au ndani ya taksi, na kila mama anayesoma hapa amenielewa. Mwalimu wake alifanya kama mama: alifungua kikwembe chake mwenyewe, akamfunga mtoto kiunoni, akamshika bega, wakatoka. Kutoka mlangoni hadi ofisini kwangu ni hatua thelathini hivi. Hatua hizo zote kuna mvulana alizirekodi kupitia dirishani, kwa simu ya baba yake aliyoichukua asubuhi bila ruhusa.

Mvulana huyo ana miaka kumi na minne. Alikuja na baba yake, wakaomba radhi kwa wazazi wa binti, ofisini kwangu, na binti mwenyewe hatukumlazimisha kuwepo. Alipewa adhabu, ameimaliza, na sitaki mtu amsumbue tena. Mtoto alikosea, mtoto akarudiwa.

Lakini si mtoto aliyeipeleka video ile kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Ni mzazi mwenzenu. Aliiweka jioni, akaandika chini yake: "Huyu ni wa nani?" Watu kumi na mmoja wakajibu kwa vicheko. Wengine wakaituma mbele. Kufikia Jumapili, nyanya ya binti huyo, aliyeko Likasi, alikuwa ameulizwa habari zake baada ya ibada. Mtoto hakuja shule siku kumi na sita. Nilipomtembelea kwao, alinisikiliza akiwa nyuma ya pazia la chumba, akaniuliza swali moja tu: "Mama Prefe, Baba wa fulani naye ameiona?" Alikuwa anamtaja jirani yao, mzee anayemwamkia kila asubuhi akienda shule. Sikuweza kumdanganya.

Wazazi, niliumia. Sisi ndio tunaowafundisha mabinti kufunga kikwembe vizuri, kukaa kwa heshima, kutobadilisha nguo mbele za watu. Halafu mtu mzima anashika simu na kumvua mtoto wa mwenzake heshima hiyo mbele ya mji.

Baadhi yenu mliniambia, "Mama, tulishaifuta." Kuifuta kwenye grupu hakutoshi. Simu nyingi huhifadhi zenyewe kila picha na video inayoingia kupitia WhatsApp, na nakala yaweza kubaki kwenye galari hata ujumbe ukiondolewa. Fungueni galari leo, itafuteni, ifuteni na huko. Kisha ingieni kwenye mipangilio mzime huko kujihifadhi. Wala msidanganyike na picha ya kutazamwa mara moja tu: mtu wa pili akishika simu nyingine juu ya kioo, anayo.

Na wale wanaodhani huu ni mchezo wajue sheria ipo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Sheria ya ulinzi wa mtoto ni ya tarehe 10 Januari 2009, na mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Tangu Machi 2023 tuna pia Code du numérique, yaani mkusanyo wa sheria za mambo ya dijitali. Familia ya binti haijapeleka mashtaka. Ikiamua kupeleka, nitakwenda nayo kama shahidi.

Yule aliyeituma kwenye grupu, namba yako naijua. Nimekungoja wiki tatu. Ofisi yangu iko wazi hata wakati wa likizo, saa mbili hadi saa sita.

Kuanzia Januari simu ya mwanafunzi haiingii darasani. Anayeihitaji kwa sababu ya njia ndefu ataiacha kwa mwalimu wa nidhamu asubuhi na kuichukua akitoka. Najua nyumbani mtasikia kilio. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nanyi akina mama wa madarasa ya chini, zile picha za watoto wakioga kwenye beseni msiziweke kwenye statusi. Mtoto huyo kesho atakuwa na miaka kumi na mitano, na wenzake watakuwa nazo.

Minervali, yaani karo. Bado kuna wanaodaiwa tangu Septemba, na walimu wanangoja. Zamani orodha ya wadaiwa tuliibandika getini. Mwezi wa Oktoba mtu aliipiga picha na kuisambaza, watoto wakaitana majina ya madeni ya baba zao. Kosa lilikuwa letu, na orodha hiyo haitabandikwa tena. Kila mdaiwa atapata barua iliyofungwa, kwa jina lake. Msichukue usiri huo kama msamaha: bila malipo au makubaliano ya maandishi, buletini ya trimesta ya pili haitatoka.

Ndani ya buletini mtakuta karatasi ya ruhusa ya picha. Chagueni ndiyo au hapana, lakini muulizeni mtoto kwanza, naye atie sahihi chini ya yenu. Irudi siku ya kufungua shule.

Yule binti amerudi darasani. Mkimwona, msalimieni kama mlivyokuwa mkimsalimia.

Noeli njema.

Mama Prefe