Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyealikwa harusi Tainan

Mdogo wangu,

Mama kaniambia mwenzako wa darasani kakualika harusi ya dada yake, kijijini huko Tainan, kusini mwa Taiwan, na kwamba wewe uko madukani unatafuta seti ya vikombe. Acha vikombe. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa mnaosoma huko mko wengi na swali lenu ni lilelile.

Zawadi ni pesa ndani ya bahasha nyekundu. Nyeupe ni ya msibani, kwa hiyo usichukue bahasha yoyote utakayoiona kwanza. Noti ziwe mpya. Kiasi kisiwe na nne ndani yake, maana kwa lugha yao matamshi yake yanakaribia ya kifo, na kisiwe witiri, kwani witiri ni ya rambirambi. Kwa harusi ya kijijini, dola 2,000 za Taiwan kutoka kwa mwanafunzi si haba. Ingekuwa ya hoteli ningekwambia upande hadi 3,600. Jina lako liandike nyuma ya bahasha.

Mlangoni utakuta ndugu wa familia wameketi mezani. Mpe mmoja wao bahasha kwa mikono miwili. Usije ukanuna akiifungua palepale, akahesabu noti mbele ya macho yako, na mwenzake akaandika jina na kiasi kwenye daftari. Najua, kwetu kumhesabia mgeni pesa yake usoni ni kumdharau. Lakini hebu tujitazame. Sisi kadi ya mchango inaingia WhatsApp miezi kabla, mweka hazina anakukumbusha mbele ya kundi zima, na ukitoa kidogo kadi ya dabo huioni. Wao hawakudai kitu mpaka siku yenyewe. Lile daftari linatunzwa, na siku yako ikifika watalifungua waone ulileta nini, nao wasilete pungufu ya hapo. Kwangu mimi utaratibu wao una adabu zaidi, na wanakamati wa nyumbani wanisamehe.

Huko kusini karamu nyingi za vijijini bado zinafanyika nje, wanaziita bandoh. Turubai linatandazwa hata barabarani, meza za duara za watu kumi kumi, na wapishi wako pembeni wanahangaika na majiko ya gesi yanayovuma. Vyakula vinaletwa kimoja baada ya kingine, kumi au zaidi: vitu vya baridi kwanza, kamba, supu, samaki mzima, wali wa kunata, matunda mwishoni. Ukishiba mapema umeumia. Habari ya nguruwe mwambie mwenyeji wako wiki hiihii. Wabudha wengi huko hawali nyama, kwa hiyo sahani isiyo na nyama ni jambo la kawaida, ila taja na mvinyo wa mchele, maana wapishi huutia sana kwenye supu.

Diwani akipanda jukwaani kuhutubia watu wakiwa wanatafuna, mwache, hata kama bibi harusi hamjui. Maharusi watapita meza kwa meza na wazazi wao, bibi harusi akiwa keshabadilisha gauni. Simama, inua glasi. Juisi inatosha, na mjomba fulani akikung'ang'aniza bia, tabasamu na juisi yako. Matunda yakiisha watu huondoka papo hapo, na mabaki hutiwa kwenye mifuko ya plastiki bila haya. Chukua na wewe.

Kama umeitwa tangu asubuhi kumuona bibi harusi akitoka kwao, nenda, ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko karamu. Gari linafungwa mwanzi mbichi wenye mizizi na majani, na kipande cha nyama ya nguruwe nchani. Likianza kuondoka, bibi harusi anatupa kipepeo cha kujipepea dirishani na mzazi anamwaga maji nyuma yake. Kwa bwana harusi ataruka jiko la makaa na kukanyaga kigae mpaka kivunjike.

Ila wewe umezaliwa Agosti 1998, na kwao kila mwaka una mnyama wake, huo ni wa chui milia. Watu wa mwaka huo hawatakiwi karibu na bibi harusi siku hiyo, na chumbani kwake ndiyo kabisa. Vijana wengi hawajali tena. Mtaje mwenzako mwaka wako mapema, aulize kwa bibi yao, na atakalosema bibi ufuate.

Picha nitumie.

Dada yako