Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2025: Anayenyimwa Aambiwe Sababu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha uchumi wa afya, naleta kwenu taarifa ya mwaka 2025. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Zimekwisha kupitiwa na wakaguzi, na chama hakidaiwi. Orodha ya vikao na mahudhurio anayo katibu. Mimi nitatumia nafasi yangu kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: pale fedha za afya zisipotosha, na hakuna nchi ambako zinatosha, nani anaamua nani apate, na yule anayekosa anaambiwa nini?

Mwaka ulianza vibaya. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, likawa limefunga shughuli zake rasmi. Miradi ya Ukimwi, kifua kikuu, malaria na afya ya uzazi iliyotegemea fedha hizo ilisimama katika nchi nyingi, mingine ndani ya siku chache tu. Sisi wa uchumi wa afya tumezoea kubishana kigezo kipi kitangulie: uzito wa ugonjwa, nguvu ya tiba, au kipato cha mgonjwa. Safari hii hapakuwa na kigezo cha kubishania. Mtu alikosa huduma kwa sababu tu kliniki yake ilikuwa chini ya mkataba uliokatwa, na mwenzake mwenye ugonjwa uleule akaendelea kutibiwa kwa sababu yake ilikuwa chini ya fungu jingine.

Baadhi yenu mlitaka tutoe tamko la kulaani. Nawaelewa, na uchungu wenu ninao. Lakini kamati tendaji iliona kwamba wizara zilizobaki na pengo zilikuwa na shida ya haraka zaidi, yaani kuamua kipi kiokolewe kwanza, na kwamba hapo ndipo ujuzi wetu unaweza kufaa. Mijadala yetu yote ya mwaka ilitokana na uamuzi huo.

Mchango ambao sitausahau ulitoka kwa mwanachama mwenzetu ambaye ni muuguzi katika wodi ya kusafisha damu. Alichora ubaoni ratiba ya mashine moja. Mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi huhitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara. Mashine ikiendeshwa zamu tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, inatoa nafasi 18, ambazo zinatosha wagonjwa sita. Akajaza miraba yote, akageuka, akauliza: wa saba akifika mlangoni, mnafanyaje?

Tulikaa kimya, akajibu mwenyewe. Mara nyingi wa saba hakataliwi. Anapokewa, kisha watatu kati ya wale sita wanapunguziwa kutoka mara tatu hadi mara mbili ili zipatikane nafasi zake. Kwenye ripoti ya mwezi wodi itaonekana imehudumia watu saba badala ya sita, na walio juu watafurahi kwamba huduma imepanuka. Wale watatu watakuwa wanarudi wakiwa wamevimba miguu na wanahema kwa shida. Wala hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba kuna mtu alinyimwa kitu, wala kwamba kuna mtu aliamua. Aliyeamua ni aliyekuwa zamu siku hiyo, ameshika penseli, na hana mwongozo wala mtu wa kumtetea ndugu wa mgonjwa watakapouliza.

Huu ndio mgawo wa kimyakimya, na kwa maoni yangu ndio ulio mbaya kuliko yote. Ni ule wa dawa kila siku "imekwisha", foleni ya upasuaji isiyo na mwisho, na mgonjwa kuandikiwa vifaa akanunue mwenyewe nje. Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia zilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao bilioni 4.5 hawakuwa wakipata huduma muhimu za afya kikamilifu, na kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2 walikuwa wakitaabika kifedha kwa sababu ya kulipia matibabu kutoka mfukoni. Hakuna bunge wala bodi iliyoketi ikapiga kura kwamba watu hao wakose. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, aliandika katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri huelekea kupungua kadiri uhitaji wa watu unavyoongezeka. Mgawo wa kimyakimya hufuata mkondo huohuo: anayejua kubisha hodi panapostahili hupita, na asiyejua huambiwa arudi kesho.

Baada ya mjadala ule wapo waliopendekeza kila hospitali iwe na kamati ya kuchagua wagonjwa. Naomba tukumbuke kwamba jambo hili lilishajaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache mno, na kamati ya watu saba iliundwa kuamua nani azipate. Madaktari walichuja kwanza kwa sababu za kitabibu. Waliobaki walipimwa kwa umri, ndoa, idadi ya wategemezi, kazi, mali, hata mahudhurio yao kanisani. Jarida la Life lilipoianika kamati hiyo, watu walishtuka kuona thamani ya mtu ikipimwa kwa namna anavyofanana na wanakamati. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulipia matibabu hayo kwa karibu kila mgonjwa wa figo. Uamuzi huo uliokoa wengi, lakini swali lenyewe halikujibiwa. Lilihamia kwa wagonjwa wa maradhi mengine, ambao hawakupewa sheria yao.

Funzo ninalolipenda zaidi linatoka Afrika Kusini, na nawasihi vijana wa chama walisome kwa makini. Mwaka 1997 mgonjwa mmoja wa Durban aliyekuwa na maradhi ya figo, moyo na mishipa ya damu alikwenda hadi Mahakama ya Katiba kudai asafishwe damu katika hospitali ya umma. Hospitali ilikuwa na mwongozo wa maandishi: kwa sababu mashine hazitoshi, wanaoingia kwenye mpango wa kudumu ni wale wanaoweza kupandikizwa figo, na hali yake haikumruhusu. Mahakama ilikubali kwamba ni jambo la kuhuzunisha, lakini haikuingilia. Mwongozo ulikuwepo, ulikuwa na mantiki, na ulitumika kwa wote bila upendeleo. Mgonjwa huyo alifariki muda mfupi baadaye.

Mwaka 2002 mahakama hiyohiyo iliamua kinyume. Serikali ilikuwa imezuia dawa ya nevirapini, inayopunguza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto virusi vya Ukimwi wakati wa kujifungua, isitolewe nje ya vituo vichache vya majaribio, ingawa mtengenezaji alikuwa amejitolea kuitoa bure kwa miaka mitano. Mahakama ilichambua sababu za serikali moja baada ya nyingine, ikaona hazitoshi, na ikaamuru zuio liondolewe. Kesi zote mbili zilihusu haki ileile ya kupata huduma ya afya. Sababu za kwanza zilistahimili kuulizwa, za pili hazikustahimili. Wala zisingeweza kuulizwa kama hazikuwa zimewekwa mezani.

Nije sasa kwenye sehemu inayotuhusu sisi wenye kalamu na jedwali. Tunapenda kusema kwamba hesabu hazina upendeleo. Zinao, isipokuwa umefichwa vizuri. Benki ya Dunia ilipotoa mwaka 1993 ripoti iliyotumia kipimo cha miaka ya maisha inayopotea kwa ugonjwa na ulemavu, mwaka wa kijana ulihesabiwa kuwa mzito kuliko wa mtoto mchanga au mzee, na miaka ya mbele ilipunguzwa thamani kwa asilimia 3 kila mwaka. Mawaziri wengi walipokea jedwali la mwisho bila kujua kwamba uamuzi huo umo ndani yake. Ulikuja kuondolewa katika tathmini ya mzigo wa magonjwa ya mwaka 2010, baada ya takribani miaka ishirini ya mabishano. Katika jimbo la Oregon, Marekani, nako, orodha ya kwanza ya vipaumbele ya mwaka 1990 iliyofuata hesabu za gharama na faida iliweka kuvika meno kofia juu ya upasuaji wa kidole tumbo. Angalau Oregon waliianika orodha yao, wananchi wakaiona, wakapiga kelele, ikafumuliwa na kupangwa upya kabla mpango haujaanza mwaka 1994.

Kuna hesabu moja tuliyoifanya pamoja na iliyowasumbua wengi. Taasisi ya NICE ya Uingereza, iliyoanzishwa 1999 na inayoshauri ni tiba zipi zilipiwe na mfumo wa afya wa umma, kwa miaka mingi ilikuwa ikizikubali kwa kawaida tiba mpya zinazogharimu kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili unaopatikana. Mwaka 2015 Karl Claxton na wenzake wa Chuo Kikuu cha York walikadiria kwamba ndani ya mfumo uleule mwaka kama huo hupatikana kwa takribani pauni 13,000 katika huduma za kawaida. Gawanya 30,000 kwa 13,000. Kwa kila mwaka mmoja anaoupata mgonjwa wa dawa mpya, miaka miwili na ushei inapotea kwa wagonjwa wengine, kwa sababu fedha zimetolewa kwenye huduma zao. Mgonjwa wa dawa mpya ana jina, ana chama cha kumsemea, na kampuni ya dawa ina kila sababu ya kumpigania. Hao wengine hawajui hata kwamba wamepoteza.

Sisemi dawa ghali zikataliwe. Nasema anayeidhinisha awataje wanaolipia.

Kuhusu umri hatukuelewana, na sitaki taarifa hii ionyeshe kama tulielewana. Wako walioshikilia hoja ya mwanauchumi wa afya Alan Williams ya mwaka 1997, kwamba kila mtu anastahili kwanza kufikia maisha ya urefu wa kawaida, na aliyekwishafika ampishe ambaye hajafika. Wenzao waliiona ni kumwambia mzee kwamba amemaliza zamu yake, ilhali pengine yeye ndiye analea wajukuu watano. Mimi naegemea kwenye uzito wa ugonjwa. Norwei wanauhesabu kwa kuangalia miaka yenye afya ambayo mgonjwa atakosa, na NICE tangu 2022 huzidisha faida ya tiba kwa 1.2 au 1.7 pale ugonjwa unapokuwa mzito sana. Najua kipimo hicho nacho humpa kijana nafasi kubwa zaidi kwa mlango wa nyuma. Ila kinaanzia kwa kile mgonjwa anachokikosa, na mtu akiuliza unaweza kumjibu ukimtazama usoni. Mjadala huu utaendelea mwaka ujao, na nimewaomba wanaonipinga wauongoze wao.

Tulikotoka na kauli moja ni hapa. Mwanafalsafa Norman Daniels na daktari James Sabin walieleza mwaka 1997 kwamba kwa kuwa watu wenye nia njema hawatakubaliana juu ya vigezo, haki itafutwe katika namna ya kuamua: sababu ziwe wazi, ziwe ni zile ambazo hata anayekosa anaweza kuziona zinahusika, pawepo nafasi ya kukata rufaa, na pawepo chombo cha kuhakikisha hayo yanafuatwa. Tukirudi kwenye ratiba ya yule muuguzi, maana yake ni kwamba hospitali iandike nani anaanza na kwa nini, iandike pia kama ni sahihi kupunguza mara tatu kuwa mbili na kwa mgonjwa wa hali gani, na wa saba aambiwe ana kwa ana, aonyeshwe pa kulalamikia, na asiachwe bila huduma ya kumpunguzia maumivu. Mashine haitaongezeka kwa hilo. Lakini bodi itajua kuna mtu wa saba, na ikijua, itabidi imtaje inapoomba bajeti.

Kwa hiyo kamati tendaji inaleta mbele ya mkutano mkuu pendekezo moja. Utafiti au ushauri wowote utakaotoka kwa jina la chama hiki uonyeshe katika ukurasa wake wa kwanza ni huduma ipi itakayopungua endapo ushauri utafuatwa, na nani wanaoitumia huduma hiyo. Ueleze ni thamani zipi zimewekwa ndani ya hesabu na kwa sababu gani. Na useme anayenyimwa atakwenda wapi kupinga.

Wapo wanachama walioniambia kwa nia njema kwamba wizara na wafadhili hawatapenda kulipia ripoti ya namna hiyo, na kwamba tutapoteza kazi. Huenda tukapoteza. Nimeipima hoja hiyo kwa uzito wake, kwa kuwa wengine kati yetu wanaishi kwa kazi hizo. Hata hivyo mtoa maamuzi asiyetaka kujua nani ataumia anaweza kupata jedwali popote, hahitaji chama cha kitaaluma kumgongea muhuri. Nitalipigia pendekezo hili kura ya ndiyo.

Yaliyobaki ni ya utaratibu. Muhula wa wajumbe watatu wa kamati tendaji unakwisha na fomu za kugombea ziko kwa katibu. Kikosi kazi kipya cha miongozo ya wodi kitaanza na usafishaji damu na vitanda vya wagonjwa mahututi. Tunahitaji wauguzi, wafamasia na watu wanaoishi na maradhi ya kudumu, maana wanauchumi tumejaa tele. Marekebisho ya pendekezo la kamati yamfikie katibu kwa maandishi siku 14 kabla ya mkutano mkuu, ili yagawiwe kwa wanachama wote kabla ya kupigiwa kura.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti