Barua kwa mwanangu: usigonge muhuri

Atupele mwanangu,

Mama yako kaniambia ulipiga simu nikiwa shambani, ukasema mwenye ghorofa la Mwanjelwa anataka kuta za chini ziondolewe apate fremu sita za maduka, nawe mhandisi uugongee mchoro muhuri. Umemjibu nini? Usiku kucha nimejigeuza tu kitandani.

Ulinionyesha mwenyewe kwa njiti za kiberiti: juu kuzito, chini nguzo tupu, ardhi ikisukuma huku na huku chini ndiko kunakokatika. Majengo mengi ya Uturuki yalilala hivyo kwenye tetemeko la Februari 2023. Na mabonde ya ufa ya Rukwa, Usangu na Nyasa yanakutana hapahapa Mbeya. Watu wanaitaja Bukoba ya 2016, lakini tetemeko kubwa la Rukwa la 1910 hawalitaji, kwa kuwa waliolisikia wamekwisha kufa. Usigonge muhuri.

Siku ulipoonyesha kile cheti cha uhandisi nililiona jina la baba yangu limeandikwa pale, nikatoka nje kidogo. Hilo hukulijua. Ila una upole mbaya, mama. Mtu akikupandishia sauti unanyamaza, naye anaona umekubali. Utotoni sikukukataza, nilidhani ni adabu.

Siku ya kumwaga zege uwe pale kabla ya mchanganyiko haujaanza. Ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushiwa nondo kuzifunga, usizihesabu kwa macho, pima kwa futi, hasa pale nguzo inapokutana na bimu. Hapo ndipo mafundi tunapoziruka, maana nondo zimebanana na vidole vinachubuka. Na ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani kabisa. Zikiishia pembe mraba, jengo likitikisika zinafunguka, nondo zinatoka kama mbavu. Mwenye jengo akisema unachelewesha kazi, acha achelewe.

Ule ufa wa nyumba ya shangazi yako Kyela, uliotokea lilipopiga tetemeko la Karonga, kule Malawi, Desemba 2009, siku zote tumesema ni udongo wa kule. Udongo ni mbaya kweli. Lakini lenta ya nyumba ile, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, haikuzunguka nyumba nzima. Iliishia kwenye mlango wa nyuma. Nondo zilikuwa zimeisha, masika yalikuwa yanaingia, na yeye alikuwa ananiamini, hakupanda ngazi kuangalia. Nikapiga lipu.

Basi usigonge muhuri kwa sababu mtu anakuamini.

Huku parachichi zimechumwa, bei si mbaya. Ng'ombe kazaa ndama jike. Bati la jikoni linavuja tena, mama yako anakinga ndoo, nitalipanda Jumapili nikitoka ibadani. Anauliza kama lile sweta la kijani unalivaa au umempa mtu. Mbeya mwezi huu baridi ni kali.

Ukija, beba ile futi yako ndefu. Twende Kyela ukaupime ule ukuta, uniambie kama lenta inaweza kuongezwa nyumba ikiwa imeezekwa. Shangazi yako usimwambie kitu kwenye simu. Nitamwambia mwenyewe tukifika.

Baba yako,
Tukuyu