Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mfuko wa Nauli na Fedha Tulizozirudisha

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2024, mwaka wa tatu tangu mnikabidhi dhamana hii. Kwa faida ya wanachama wapya watatu, umoja wetu unawakutanisha Waswahili tunaofanya kazi katika ofisi za uchangishaji na mahusiano ya wafadhili za vyuo vikuu vya Asia, kuanzia Karachi na Kuala Lumpur hadi Singapore, Hong Kong na Tokyo. Tuko 41.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kamati ilikutana mara nne. Futari ya pamoja ilifanyika Singapore mwezi Machi na ilifana. Barua za rambirambi na pongezi zilipelekwa kwa wote waliostahili. Mafunzo kwa njia ya Zoom yalikuwa matatu. La kwanza lilihusu barua za shukrani, na hapo mwenzetu wa Hong Kong alitusimulia juu ya ofisi moja iliyompelekea mfadhili mzee zawadi ya saa ya mezani, bila kujua kwamba kwa Kichina kumpa mtu saa kunatamkwa sawa na kumhudumia anapokata roho. Saa ilirudishwa siku hiyo hiyo. La pili lilihusu sheria ya Singapore ya taarifa binafsi na daftari la wasiotaka kupigiwa simu, lililoanza 2014, ambalo bado linawatatiza wenzetu wanaosimamia vijana wa kuwapigia wahitimu.

La tatu, juu ya wakfu katika vyuo vya Malaysia, ndilo nililojivunia zaidi, kwa kuwa nilimwomba mtoa mada mimi mwenyewe na nikamfuata mpaka akakubali. Sisi wa pwani wakfu tumezaliwa tukaukuta: shamba la minazi la msikiti, nyumba ambayo kodi yake humlipa mwalimu wa madrasa. Wenzetu kule wanakusanya wakfu wa fedha taslimu. Mtaji hauguswi, faida inasomesha. Nilitamani kila mwanachama awepo. Walikuwepo tisa.

Mahudhurio

Hapo nimeshagusa kidonda. Semina ya Mei tulikodi ukumbi kwa dola 380 (hesabu zote humu ni kwa dola za Singapore). Tulipanga viti 40. Walifika watu 11, na watano walijiunga kwa Zoom. Mgeni wetu, aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kuongoza uchangishaji wa chuo kimoja hapa, alikuja na nakala 40 za mada yake alizozichapisha kwa fedha zake. Baada ya semina nilimwona akizirudisha mkobani, anazinyoosha kingo moja moja, wala hakulalamika. Nilimsindikiza hadi kituo cha treni nikakosa la kusema.

Ndugu zangu, kazi yetu ni kuwashawishi watu watoke majumbani waje kwenye hafla za vyuo. Mfadhili mmoja tunampigia simu mara tatu kuthibitisha kiti chake. Halafu shughuli yetu wenyewe inaposimama, mtu anaandika "samahani, nimebanwa" dakika tano kabla, na wengine hata hilo hawaandiki. Mkutano mkuu uliopita tulingoja akidi dakika 50. Nalisema hili kwa uchungu.

Mfuko wa Nauli

Sasa naingia kwenye jambo lililotugawa mwaka mzima. Kwenye kundi letu la WhatsApp yamesemwa maneno ambayo mengine niliyasoma nikiwa kazini nikashindwa kuendelea. Nitalieleza kwa urefu, kwa sababu wengi wamelipokea nusu nusu.

Mfuko wa Nauli niliupendekeza mimi mwaka 2022 na mkaupitisha bila kura ya kupinga. Vijana wetu wengi wanasoma Asia kwa ufadhili unaolipa ada na malazi, lakini tiketi ni ya kuja na ya kuondoka baada ya kuhitimu. Katikati mzazi akifariki, mtoto anaomboleza bwenini peke yake. Mfuko ni wa kumpeleka nyumbani, basi.

Machi nilikuwa Guangzhou, China, kwa safari ya kikazi, na mwanachama mmoja akanikutanisha na mfanyabiashara wa kutoka nyumbani, katika mgahawa wa mtaa wa Xiaobei. Ni mtu mkarimu, nalisema hilo mbele yenu bila kusita. Aliguswa kweli na habari ya Mfuko, maana baba yake alizikwa yeye akiwa huku. Aliahidi dola 30,000. Kabla chai haijapoa alitoa kwenye mfuko wa plastiki kibao cha shaba kilichofungwa gazeti la Kichina. Jina lake lilikwisha kuchongwa, kwa herufi kubwa, na chini yake maneno "Mfuko wa Nauli". Nilikipiga picha nikawatumia Kamati. Kwenye ndege nilipiga hesabu: tiketi zaidi ya 20. Furaha yangu siku ile haikuwa ya kuigiza.

Dola 20,000 za kwanza ziliingia Aprili 2. Makubaliano yalifika Aprili 6, kurasa nne. Sharti la kwanza lilikuwa Mfuko uitwe kwa jina lake. La pili, kila mwombaji apitishwe na yeye kabla ya tiketi kukatwa. La tatu, mwanafunzi apigwe picha uwanja wa ndege akiwa ameshika tiketi na bango la kampuni, na picha ifike kwake ndipo tiketi inayofuata ilipwe.

Niliandika barua mbili na kupiga simu tatu. Bango alikubali kuliondoa. Picha na kupitisha majina, hapana. Aprili 12 Kamati ilipiga kura, watano wakaunga mkono kurudisha fedha, wawili wakapinga. Aprili 13 fedha zilirudi kwa mwenyewe. Gharama ya benki, dola 45, ambayo wengine wameisema kana kwamba niliiba, nililipa mfukoni mwangu na risiti anayo Mweka Hazina.

Imesemwa kwamba mwenyekiti ana kiburi, amekataa jina la mtu. Si kweli. Sharti la jina nilikuwa nimelikubali, na ushahidi wa barua upo. Hapa Singapore mfadhili akitoa dola 1,000 kwa taasisi yenye hadhi inayotakiwa, anapunguziwa dola 2,500 kwenye mapato yanayotozwa kodi, na mwaka 2023 unafuu huo uliongezewa muda hadi mwisho wa 2026. Sisi hadhi hiyo hatuna. Jina ndiyo shukrani pekee tunayoweza kuitoa, na nisingemnyima mtu. Nani kati yetu anaishi bila majina ya wafadhili? Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore inaitwa Yong Loo Lin kwa dola milioni 100 za mwaka 2005. Ile ya Nanyang, chuo kikuu kingine cha hapa Singapore, inaitwa Lee Kong Chian, na mfuko wa hisani wa Lee Foundation ulitoa dola milioni 150 mwaka 2011. Wapo pia waliotoa wakataka wasitajwe: ukumbi wenye mnara wa saa wa Chuo Kikuu cha Tokyo ulijengwa kwa fedha za Yasuda Zenjiro, tajiri mwenye benki, aliyeomba jina lake lisijulikane. Aliuawa 1921, ukumbi ukakamilika 1925, na watu ndio waliouita kwa jina lake.

Mwenzetu mmoja alinitolea mfano wa Hong Kong, kwamba mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Hong Kong kilipokea dola bilioni 1 za huko na kitivo cha udaktari, ambacho chimbuko lake ni chuo alichosoma Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China, kikapewa jina la mfadhili, tajiri Li Ka Shing, na wahitimu wakapiga kelele mpaka wakachoka. Mfano ni mzuri, ila ugomvi ule ulikuwa wa jina. Wetu haukuwa huo. Sote tunaandaa mikataba ya ufadhili, na sote tunaujua ule mstari tusiouachia hata mfadhili akinuna: uteuzi wa mnufaika ni wa chuo. Mfadhili anaweza kusema fedha zisaidie wauguzi au watoto wa wavuvi. Hakai mezani kusema huyu ndiyo, yule hapana. Tunawaeleza hivyo matajiri wakubwa kabisa wa bara hili, kwa heshima, kadi ya jina tumeishika kwa mikono miwili. Ningewezaje kutia saini kinyume chake kwa sababu tu safari hii ni sisi wenye shida?

Na ile picha. Naomba kila mmoja wenu afikiri juu ya mwanawe. Amepigiwa simu usiku kwamba mama hayupo. Anafika uwanja wa ndege macho yamevimba, kisha tunamwambia asimame hapa, inua tiketi, tazama kamera. Mwanachama aliniandikia: "Mwenye njaa hana miiko." Mimi nasema mfiwa ana haki zake, na ya kwanza ni kusitiriwa.

Imesemwa pia kwamba ilibidi niitishe mkutano mkuu. Ibara ya 14 ya katiba yetu inaipa Kamati mamlaka ya kupokea na kukataa michango. Nilisoma ibara hiyo mara mbili kabla ya kikao na nikaisoma kwa sauti kikaoni. Hata hivyo nakiri niliwaarifu kwa kuchelewa, siku tisa baada ya fedha kurudi, na hilo limeniletea shaka ambayo nisingeipata kama ningeandika siku hiyo hiyo.

Halafu Juni. Binti mmoja anayesoma Malaysia alifiwa na mama. Mfukoni tulikuwa na dola 212. Tiketi ilikuwa 1,130. Niliandika kwenye kundi saa nne usiku, na hadi asubuhi wanachama tisa walikuwa wametoa jumla ya dola 920. Mungu awazidishie. Tulikata tiketi, zikabaki dola 2. Alifika siku ya tatu baada ya mazishi, akakuta kaburi bichi. Kuna aliyeandika kwamba lile kaburi nilifukia mimi. Sikumjibu wakati ule, na leo nasema nilimpigia binti yule simu mara mbili, na mara ya pili tuliongea karibu saa nzima. Hakunilaumu. Nilipomuuliza kama angekubali kupigwa ile picha, alinyamaza, kisha akaniuliza picha ya nini.

Ada

Ada yetu ni dola 60 kwa mwaka. Waliolipa ni 17, dola 1,020. Wasiolipa ni 24, dola 1,440. Wekeni 1,440 kando ya 1,130 ya ile tiketi. Binti yule angeondoka usiku ule ule bila kungoja tuchangishane, na dola 310 zingebaki. Tena tisa kati ya hao 24 wanadaiwa na miaka miwili ya nyuma, dola 1,080 nyingine. Katika walioniandikia kwa ukali kuhusu fedha za Guangzhou, sita wamo kwenye orodha hiyo. Sitawataja. Mweka Hazina ameniomba nisiwataje.

Kila nikienda Nanyang kikazi napita kwenye jengo la zamani la utawala la chuo cha kwanza kilichokuwa pale. Chuo kile kilijengwa miaka ya 1950 kwa michango ya watu. Tan Lark Sye, tajiri wa biashara ya mpira utokao mitini, aliahidi dola milioni 5 za wakati ule, lakini waendesha baiskeli za abiria, watu wa miguu na jasho, nao walitoa mapato yao ya siku nzima. Kwa wengi wetu dola 60 hazifiki mshahara wa siku moja. Nimepiga simu, nimetuma ujumbe, nimemtuma Katibu. Nimefika mahali pa kuwasihi.

Hesabu kwa jumla: tulianza na dola 1,864. Ada 1,020, michango ya hiari 2,310, jumla 5,194. Tiketi tatu 3,356, ukumbi 380, Zoom 215, barua na posta 64, jumla 4,015. Salio 1,179, sawa na tiketi moja.

Mwaka ujao

Tunatarajia, Mungu akijalia, kuandaa mwongozo wetu wa kupokea michango, ili mwenyekiti ajaye asikute njia panda niliyoikuta mimi. Tunaangalia uwezekano wa kuanzisha wakfu mdogo kwa mfano wa Malaysia. Ipo pia nia ya kukutana ana kwa ana Kuala Lumpur, hali ikiruhusu. Wenzetu wa Karachi wameonyesha moyo wa kutusaidia kuwafikia watumishi wa vyuo walioko Nairobi na Dar es Salaam, na mazungumzo yanaendelea.

La mwisho ni dogo. Kile kibao cha shaba bado kipo kwangu, kwenye droo, na gazeti lake. Nimemwandikia mwenyewe nikimuuliza nikipeleke wapi, akajibu kwa upole kwamba nikipata mtu wa kuja nimpe. Mwanachama yeyote anayesafiri kwenda Guangzhou kabla ya mwisho wa Februari anijulishe, nitamletea mpaka uwanja wa ndege.

Mwenyekiti